Wageni wa Kilwa walale, wasipite tu

Ndugu yangu, umeuliza ufanyeje na gesti yako Kilwa Masoko, maana wageni wanavuka kuona magofu ya mji wa kale wa Kilwa Kisiwani na kuondoka siku hiyohiyo. Usihangaike kutangaza peke yako. Kaeni wenye gesti, manahodha na waongoza wageni, bei ya mashua mkubaliane kabisa, ndipo mwende halmashauri na TAWA, mamlaka ya wanyamapori inayosimamia pia magofu hayo. Ombeni jambo moja kwanza: kibali cha kuvuka kipatikane tangu jioni mgeni anapofika. Hapo mtauza siku mbili, Kisiwani leo, kesho Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu. Magofu ya visiwa vyote viwili yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na inaniuma sana kuona Songo Mnara inapitwa. Barua ya ombi iandikeni kwa jina la kikundi.