Barua kwa mwanangu: mkono wa dereva

Mwanangu,

Umeniuliza utajuaje kwamba mtu uliyekaa naye kwenye poka anakutisha tu, ameongeza dau na mkononi hana kitu. Tena umeniandikia habari za wale watafiti wa Marekani wa mwaka 2013: watu walioonyeshwa video za mabingwa walikisia ubora wa karata vizuri zaidi kwa kutazama mikono inavyosukuma dau kuliko kwa kutazama nyuso. Nilimsomea mama yako. Akacheka, akaendelea kuchambua maharage. Sisi wa Malaba hilo tulilijua bila video: tazama mkono, uso achana nao.

Lakini mjomba wako naye aliutazama mkono, vizuri kabisa, na mimi nikatembea kwa miguu mpaka mavuno.

Ile baiskeli unaijua, ila hujasimuliwa ilivyoondoka. Enzi hizo malori yalilala foleni mpakani siku nyingi yakingoja karatasi za forodha, na madereva kazi yao ikawa matatu, si gari, ule mchezo wa karata wa Uganda. Kila mtu karata 7, moja inafunuliwa chini. Ikiwa kopa, basi mwenye saba ya kopa ndiye anayeweza kukata mchezo, yaani kuumaliza hapo hapo. Mnahesabu pointi, mwenye chache anakula.

Jioni hiyo chini kulikuwa na kopa. Dereva mmoja wa Mombasa, mtu mpole, akaanza kutetemeka vidole. Mjomba wako akaona. Alikuwa ameshaliwa mara kadhaa, na yeye akiliwa haoni tena mtu, anaona pesa yake tu iko upande wa pili. Akasema dau liongezwe, anaweka baiskeli. Yangu! Sisemi aliiba. Aliazima, bila kuuliza. Mama yako alikuwa anawamiminia chai, akamkanyaga mguu. Wapi! Dereva akaishusha saba ya kopa, vidole bado vinacheza.

Nilimuuliza mama yako alijuaje. Akasema yule dereva alikunywa chai kwake kila safari, hata usiku alioliwa pesa yote ya njiani, na kikombe hakikutikisika. Akiogopa anatulia. Kwa hiyo siku hiyo kilichomtetemesha ni furaha aliyokuwa akiibana.

Basi tazama mkono, ndiyo, lakini uanze kuutazama kabla hakujawa na kitu mezani. Katika hiyo poka yenu ya Hold'em, karata 2 za siri na 5 za wazi, mtu hutupa karata zake mara nyingi kuliko anavyocheza. Wewe ukishatupa usishike simu. Mwangalie anavyopanga dau lake, anavyoshika chupa, anachukua muda gani kuamua jambo dogo. Baridi inatetemesha, njaa inatetemesha, waragi ndiyo usiseme. Na wapo wanaojitetemesha makusudi. Kwa hiyo mkono nao ni mwongo? Hapana. Labda kwa mtu mgeni, usiku wa kwanza. Huyo usijidai kumsoma, fuata hesabu. Ree mbili za mkononi huja kwa wastani mara 1 katika 221, asikutishe kila raundi kana kwamba anazo.

Kuna jambo hukuniuliza: wao wanakusoma nini wewe? Ukiliwa unaongea sana. Tangu ludo, ulipokuwa mdogo, kete yako ikirudishwa nyumbani unaanza hadithi. Huo ni upande wa mjomba wako, si wangu. Mtu mwenye macho atakungoja uanze kuongea, kisha ataongeza dau.

Mama yako anataka nikwambie uache. Mimi sikwambii, una kazi yako na kodi ya nyumba unalipa mwenyewe. Ingawa, kusema kweli... basi, nanyamaza. Ila niandikie usiku mmoja mnawekeana shilingi ngapi, na usinipunguzie, maana kwa barua mikono yako siioni.

Baba yako