Barua kwa mwanangu aliye Granada, Uhispania: kula saa nne usiku

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku Mombasa hatujambo, na bibi yako anakuombea dua kila Ijumaa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikampa mama yako naye akausikiliza. Wasema wenzako wa nyumbani wanakula saa nne usiku, na wewe ikifika saa moja tumbo lishauma, wajipikia, wala peke yako jikoni. Wao wakikaa mezani, wewe ushafunga mlango wa chumba. Wiki inakwisha na bado wajiona kama mgeni wa hoteli. Wauliza: ushike saa zako au ufuate zao?

Fuata zao, mama. Miaka ile nilipokuwa nikisafiri na meli za Wahispania za kuvua jodari, tuliingia bandari yao ya Vigo meli ikatengenezwe, nikashuka mjini saa kumi na mbili jioni na njaa yangu. Kila mkahawa niliouingia niliambiwa jiko limefungwa. Kahawa wataniuzia, mkate labda. Saa tatu ndipo mji ulipoamka, watoto wadogo kwa wazee, barabara zimejaa. Nikadhani watu hawa hawalali.

Kumbe wanalala. Ila saa yao imeliacha jua nyuma. Uhispania kwa jua iko upande mmoja na London, lakini mwaka 1940, enzi za Franco, dikteta wao, saa zilisogezwa mbele zikalingana na za Berlin, na mpaka leo hazijarudishwa. Kisha miezi ya joto huongeza saa nyingine juu ya hiyo. Toka nje uangalie mwenyewe: huko Granada mwezi huu wa Septemba jua linafika utosini saa nane na kitu. Kwa hiyo wanaokula mchana saa nane, kwa jua wanakula saa sita. Na hicho cha saa nne usiku, kwa jua hata saa mbili haijatimia. Magharibi yako ni saa mbili na zaidi, Isha inakaribia saa nne. Ukisali ukatoka chumbani, ndio kwanza sufuria inateremshwa. Na hapa nyumbani tangu lini tukala kabla ya Isha? Saa zako na zao ni zile zile, ni ukuta tu umetundikwa saa iliyokimbia.

Njaa ya katikati ina dawa, nao wenyewe wanaitumia. Asubuhi hawali cha maana. Kwenye saa tano wanatoka kula mkate wa kuchoma, wenye nyanya ya kusagwa na mafuta ya zeituni. Nenda nao, usibaki darasani na simu. Mchana kula ushibe, maana hicho ndicho chakula chao kikubwa. Kwenye saa kumi na mbili wana kitu kidogo wakiitacho merienda, nawe una chai yako ya maziwa. Hapo utafika saa nne bila kushika ukuta. Na vitu vya dukani nunua mapema: maduka madogo mengi hufungwa kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, na Jumapili karibu yote yamefungwa. Ujue hivyo kabla hujaishiwa na sabuni.

Ninalokuhimiza si chakula chenyewe. Wahispania wakimaliza kula hawaondoki. Sahani zinabaki pale, watu wanazungumza saa nzima, pengine mbili, wanabishana, wanakatizana maneno. Hapo ndipo nilipopata Kihispania changu, si kwenye kitabu. Wasema watu wa Granada wanameza mwisho wa maneno hushiki kitu. Basi kaa usikilize, mezani mtu hurudia. Darasani hakuna wa kukurudilia.

Nguruwe ndiye mtihani. Huingia pasipotarajiwa: kwenye dengu, kwenye supu, hata biskuti nyingine hutiwa mafuta yake. Waambie wenzako mara moja, waziwazi, «no como cerdo», yaani sili nguruwe, na ukiwa nje uulize, «¿lleva jamón?», kina nyama ya nguruwe? Granada ukiagiza kinywaji, hata soda, huletewa kitafunio cha bure, taja sharti lako kabla hakijaletwa. Na wakija kukusalimu kwa busu mbili za shavuni, ukiwa hutaki kwa wanaume, tangulia kunyoosha mkono. Hawatakasirika.

Bucha za halali zipo. Mtaa wa Calderería Nueva una Wamoroko na chai yao ya nanaa, na ukipanda mtaa wa kale wa Albaicín utaukuta msikiti uliofunguliwa 2003, unaitazama Alhambra, ile ngome ya wafalme wa Kiislamu, ng'ambo ya bonde. Ijumaa nenda, hata kama mlima utakuchosha.

Sasa karatasi. Hizi kakako ndiye aliyenitafutia. Viza yako ni ya zaidi ya miezi sita, kwa hiyo una mwezi mmoja tangu kuingia kuomba ile kadi ya mgeni, TIE, kwa polisi. Miadi huchukuliwa mtandaoni na hupatikana kwa taabu, anza leo. Fomu ni EX-17. Kabla ya hapo jiandikishe manispaa, ayuntamiento, kwa pasi na mkataba wa chumba. Mwenye nyumba akisitasita juu ya hilo, niambie mapema.

Jumapili moja wapikie pilau, ya mchana saa nane, si usiku. Usitumie mchele wao wa punje fupi, utapata uji; tafuta basmati kwa Wamoroko.

Tupigie kabla hujala. Sasa tumekuzidi saa moja tu, lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba mtarudisha saa nyuma zitakuwa mbili, na mama yako hakai macho. Anauliza pia: ile bizari aliyokufungia ilipita uwanja wa ndege, au walikunyang'anya? Nijibu hilo kwanza, hanipi raha.

Babako