Gari likitetema kuanzia 80: barabara kwanza, spana baadaye

Mteja akiingia gereji na kusema "fundi, propela imekufa", yaani lile bomba refu linalozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu ya injini nyuma, usimkatalie wala usimkubalie. Anachokijua kwa hakika ni kimoja tu: gari lake la siku nyingi, tuseme Mark II au Hiace, mjini limetulia kabisa, lakini akishavuka Kange na kukanyaga mafuta kuelekea Pongwe linaanza kutetema. Ninyi mnaoanza kazi hii hapa Tanga mna haraka ya kuingia uvunguni. Subirini. Nusu ya jibu iko barabarani, na huko hulipii spea.

Mwache mwenyewe aendeshe, wewe kaa pembeni yake. Kwanza sikiliza tetemo linakuja wapi. Likiwa kwenye stelingi, shuku matairi na rimu za mbele. Likiwa kwenye kiti na sakafu, shuku nyuma: matairi ya nyuma au propela. Kuna magari yanadanganya, ila umepata pa kuanzia.

Kisha fanyeni jambo ambalo wengi hawalifanyi. Spidi inayotetema ikifika, mwambie apunguze gia moja na kubaki kwenye spidi ile ile. Injini itazunguka kwa kasi zaidi. Tetemo lisipobadilika, injini na klachi ziacheni. Tatizo liko kwenye vitu vinavyozunguka kufuata mwendo wa gari, yaani propela, difu (gia za nyuma zinazopokea nguvu ya propela na kuigawa kwa magurudumu), ekseli na magurudumu. Halafu mwambie akanyage mafuta kwa nguvu, kisha aachie mguu. Tairi lisilo na balansi halijali mguu wake uko wapi. Kros (kiungo cha propela kinachopinda) iliyolegea, mauntingi (mshikio wa mpira) ya gia boksi iliyokatika au propela iliyokaa kwa pembe mbaya zinajali sana. Barabara ikiwa tupu na imenyooka anaweza kuweka fri kwa muda mfupi mkasikiliza, lakini injini isizimwe kabisa: breki itakuwa nzito, stelingi nayo, na ufunguo ukizidi kurudishwa stelingi inaweza kujifunga.

Zizoeeni hesabu kidogo, maana zinafundisha sikio. Kwenye kilomita 100 kwa saa, tairi la gari dogo huzunguka kama mara 14 kwa sekunde. Difu ikiwa ya 4.1, yaani propela huzunguka mara 4.1 tairi likizunguka mara moja, propela inazunguka kama mara 57 kwa sekunde hiyo hiyo. Ndiyo maana tetemo la tairi unalihisi kama mtikiso, na la propela linakuja kama mvumo wa mashine ya kusaga iliyo nyumba ya pili. Tena nguvu ya kitu kisicho na balansi hupanda kwa mraba wa spidi: ukitoka 60 kwenda 120 inakuwa mara nne. Mteja anayesema "mjini haina shida" anasema kweli.

Matairi yakaguliwe kwanza kwa sababu ni rahisi. Tope lililokauka ndani ya rimu, uvimbe, tarakimu nne ubavuni (2314 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014), basi. Pelekeni balansi.

Sasa uvunguni. Weka magogo kwenye magurudumu, gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake na si mawe, gia iwe fri na hendibreki iachiwe. Shika propela, izungushe huku na huku, isukume juu na chini karibu na kila kros. Hata mchezo mdogo unaouhisi mkononi ni mwingi. Vumbi jekundu la kutu kuzunguka vikombe vya kros maana yake grisi iliisha zamani, na kwa hewa yetu ya chumvi hilo mtaliona mara nyingi. Tazama mpira wa senta beringi, ile inayoshika propela ya vipande viwili katikati, kama umechanika. Tazama bomba la propela: limebonyea? Kuna doa safi palipokuwa na kipande cha chuma cha balansi kilichobanduka? Na wale waliopandisha gari kwa kuongeza springi ili libebe machungwa ya Muheza, wamebadilisha pembe za propela; kros mpya hazitawaponya.

Hapa ndipo nawaomba msikilize zaidi. Kabla ya kufungua bolti hata moja, piga alama ya rangi pale propela inapokutana na flanji (bamba la bolti) ya difu, na pale kwenye meno inapochomoka na kuingia. Kros moja ikipinda haizungushi sawasawa. Inaharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko, na kros ya upande wa pili ndiyo inayofuta kasoro hiyo. Kwenye propela ya kipande kimoja, masikio yanayoshika kros mbele na nyuma lazima yalingane. Ukiirudisha imehama meno machache tu, umetengeneza tetemo jipya kwa mkono wako, na mteja hatakuamini ukimwambia kros ulizofunga ni nzima.

IST na Vitz za kuvutwa na magurudumu ya mbele hazina propela. Hizo zikitikisika unapokanyaga mafuta na kutulia ukiachia, anza na jointi ya ndani ya shafti inayozungusha gurudumu la mbele. Ya nje kwa kawaida hugonga unapokata kona.

Mkishafunga, rudini kipande kile kile cha barabara, upepo wa matairi ukiwa ule ule, mwenye gari akiendesha. Mtetemo ukiwa umekwisha lakini umebaki mlio unaobadilika anapokanyaga na kuachia, beringi ya pinioni ya difu, gia ndogo inayozungushwa na propela, inaanza kuzungumza. Hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine. Mwambieni hapo hapo njiani, kabla hamjafungua kitu.