Maswali na majibu: Jack Russell anayechimba, kubweka na kuwinda

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wenye Jack Russell, yule mbwa mweupe mwenye mabaka ya kahawia ambaye hafiki hata gotini. Nimewafuga miaka mingi na sasa ninao wawili, kwa hiyo najibu kwa furaha.

*Mbwa wangu ana mwaka mmoja. Bustani yote kaifanya mashimo. Nimemfokea, nimemchapa, haachi. Nifanyeje? (Msomaji, Arusha)*

Kwanza fimbo weka chini, ndugu yangu. Mbwa huyo anafanya kazi aliyozaliwa nayo. Jamii yake ilianzishwa na mchungaji wa Kianglikana, John Russell wa Devon, Uingereza, aliyependa kuwinda mbweha kupita kiasi. Mwaka 1819, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alimwona mbwa jike wa muuza maziwa, mweupe mwenye alama za kahawia machoni na masikioni, akamnunua papo hapo. Jike huyo aliitwa Trump, na ndiye aliyeanza naye kuzalisha mbwa wake.

Mbweha akikimbilia shimoni, mbwa wakubwa hubaki nje. Teria, yaani mbwa mdogo wa kuwinda kama huyu wako, ndiye anayeingia, peke yake, gizani, na kumbwekea mbweha uso kwa uso mpaka atoke. Ndiyo maana kifua chake ni chembamba: ukimshika kwa mikono miwili nyuma ya miguu ya mbele, vidole vyako vinapaswa kukutana. Jaribu leo utaona.

Sasa mpe shimo lake. Chagua kona yenye kivuli, mwaga mchanga laini, fukia mpira au mfupa juujuu huku anakuona, kisha mwache. Akichimba hapo, msifu. Akichimba kwenye maua, mbebe umpeleke konani bila kelele. Yule mdogo kati ya mbwa wangu wawili alielewa baada ya wiki moja hivi. Uzio nao uchimbie wavu chini ya udongo, la sivyo siku moja utamkuta barabarani.

*Tunaishi fleti ghorofa ya tatu na tunarudi jioni. Watoto wanamtaka sana. Atatufaa? (Mama wa watoto wawili, Nairobi)*

Dada, kwa ratiba hiyo nakuomba msubiri. Watu huona kilo zake tano au sita wakadhani ni mbwa wa kupakatwa. Huyu anahitaji saa nzima au zaidi ya kutembea na kukimbia kila siku, na michezo ya kutumia akili juu yake. Akifungiwa kutwa atabweka mpaka majirani waje mlangoni, na makochi hayatapona. Watoto anawapenda, lakini akivutwa masikio havumilii muda mrefu. Kama kuna mtu mzima anayeshinda nyumbani na yuko tayari kumtoa asubuhi na jioni, hapo tunaweza kuzungumza.

*Kupe wanamtesa. Jirani kaniambia nimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe. (Msomaji, Morogoro)*

Usithubutu! Dawa ya josho ni kali, na mbwa mdogo hivyo akikosewa kipimo kidogo tu anaweza kufa, hasa kwa kuwa anajilamba. Nunua dawa ya mbwa, ya matone ya mgongoni au ya kumeza, ipimwe kwa uzito wake. Kila jioni mpapase kwa vidole: ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani, katikati ya vidole vya miguu. Ukiona amekataa chakula, ana homa, ufizi umepauka au mkojo umekuwa mwekundu, mkimbize kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kupe huleta magonjwa ya damu.

Kuoga hakuhitaji kila wiki. Mwogeshe akichafuka, mengine maliza kwa brashi.

*Wangu ni hodari wa kukamata panya. Kuna hatari? (Msomaji, Nakuru)*

Zipo mbili, na zote nazijua kwa karibu.

Ya kwanza ni sumu ya panya. Nyingi huzuia damu isigande, na mbwa akila sumu yenyewe au panya waliokwisha kuila, dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa: anachoka, ufizi unakuwa mweupe, damu inatoka puani. Usingoje dalili. Chukua pakiti ya sumu uende nayo kwa daktari. Ipo tiba ya vitamini K1, na inafanya kazi vizuri ikiwahi. Mwenye teria asiweke sumu kabisa nyumbani, na azungumze na majirani pia.

Ya pili ni nyoka. Teria hakimbii nyoka, anamwendea. Yule mkubwa kati ya mbwa wangu alitemewa sumu na swila nyuma ya banda la kuku. Alirudi macho yamefumba, anasugua uso kwenye majani. Tulimshika wawili tukamwagia maji safi machoni zaidi ya robo saa, kisha moja kwa moja kwa daktari. Jicho lilipona. Fyeka majani, ondoa marundo ya mawe na mbao.

*Ugali na dagaa vinatosha? Na ataishi miaka mingapi? (Msomaji, Tanga)*

Ugali na dagaa si vibaya, ila ongeza nyama, yai au maini kidogo, na dagaa wasiwe na chumvi. Vitunguu, chokoleti na mifupa iliyopikwa asipewe kamwe. Akitunzwa, miaka 13 hadi 16 ni kawaida.

Ila angalia macho yake. Jamii hii hurithi ugonjwa wa lenzi ya jicho kuchomoka mahali pake, mara nyingi mbwa akiwa mtu mzima wa miaka mitatu hadi minane. Jicho likiwa jekundu, lenye ukungu, naye analifumba kwa maumivu, usilale ukingoja asubuhi. Kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kuona tena.