Ramani kwenye Linux: maswali yenu, na majibu yasiyobembeleza

Mara hii ni QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani, na wenzake kwenye Linux. Baadhi ya maswali nimeshayajibu zaidi ya mara moja, lakini bado yanaletwa, basi tuendelee.

Nimefungua faili ya visima kwenye QGIS, natumia Ubuntu. Visima vyote vimerundikana sehemu moja baharini, Ghuba ya Guinea. Nikirudi Windows tatizo litaisha?

Halitaisha. Utavikuta palepale, maana Linux haina kosa hapa. Ghuba ya Guinea ndiko latitudo sifuri inakokutana na longitudo sifuri. Faili yako ina namba za digrii, tuseme 39 na -6, na programu imeambiwa kwamba hizo ni mita. Mita 39 kutoka nukta sifuri hata jasho hazikutoi, kwa hiyo visima vya nchi nzima vimeangukia mahali pamoja. Fungua sifa za tabaka (data yako moja ndani ya ramani), utazame CRS, yaani mfumo wa majiranukta. Nina hakika utakuta EPSG:3857, ile ya ramani za mtandaoni, mahali pa EPSG:4326 inayosoma digrii. Weka iliyo sahihi, visima vitarudi kwao.

Na wengine msikie, kwa sababu hapa ndipo mnapoharibu kazi za watu. Kuiambia QGIS kwamba tabaka liko katika CRS fulani hakubadilishi namba hata moja. Kunabadilisha tu namna zinavyosomwa. Kulihamishia tabaka kwenye CRS nyingine ni jambo jingine kabisa: namba mpya zinakokotolewa na kuandikwa katika faili mpya. Mtu anataka la pili, anafanya la kwanza, ramani inaruka, naye anajaribu CRS moja baada ya nyingine mpaka ionekane imekaribia. Ikikaribia ndipo pabaya zaidi. Kisima kilicho baharini kila mtu anakiona. Kilichohama mita mia mbili kwa sababu ya datumu (kielelezo cha umbo la dunia ambacho vipimo vinaanzia) isiyo yake kinapita kimyakimya hadi kwenye ripoti.

Distro ipi (aina ya Linux, kama Ubuntu au Debian) ni bora kwa kazi za ramani?

Mchagua jembe si mkulima. Tumia uliyo nayo.

Debian yangu inatoa QGIS ya zamani. Nimeambiwa niongeze hazina tatu za programu ili nipate mpya, sasa vifurushi vinagombana.

Vitaachaje kugombana? QGIS inategemea maktaba za programu za GDAL, PROJ na GEOS, na kila hazina inakuja na matoleo yake ya maktaba hizo. Chagua njia moja: vifurushi vya distro yako, au hazina ya mradi wa QGIS wenyewe, au Flatpak, programu iliyofungashwa peke yake kando ya mfumo. Moja tu. Flatpak hubeba maktaba zake, hivyo haivurugi mfumo, ila inakula nafasi ya diski, na moduli za Python ulizosakinisha kwenye mfumo haizioni.

Pia jiulize kwanza kama hiyo mpya unaihitaji. Debian 12 ina QGIS 3.22, ambayo ilitoka mwaka 2021, na kwa kuchora ramani za kawaida inatosha kabisa. Anayetaka mpya lakini tulivu achukue toleo la muda mrefu, lile la LTR. Na tafadhali acheni kubandika kwenye terminali amri yenye sudo, yaani inayopewa mamlaka yote ya mfumo, ambayo hamjaisoma.

QGIS ni ya bure kweli, au watanidai baadaye?

Leseni yake ni GPL, ya programu huria. Hakuna atakayekudai.

Mwenzangu anayetumia Windows kanitumia mradi. Nikiufungua, matabaka yote yanadai faili hazipo, na faili ninaziona kwa macho yangu!

Sababu ni mbili, na mara nyingi zote zinakuja pamoja. Kwanza, mradi umehifadhi njia kamili zinazoanza na C:, na Linux haina C. Mwambie ahifadhi mradi kwa njia za uhusiano, zinazohesabiwa kuanzia folda ya mradi, kisha akutumie folda nzima. Pili, kwa Linux, Mito.shp na mito.shp ni faili mbili tofauti. Windows haijali.

Halafu mwambie aachane na shapefile, muundo wa zamani wa data za ramani unaogawanyika katika faili kadhaa. Amekutumia .shp peke yake, sivyo? Bila .shx na .dbf haijakamilika, na bila .prj, inayotaja CRS, unarudi kwenye masaibu ya yule wa visima. Majina ya safu yanakatwa yakizidi herufi 10: idadi_ya_watu inabaki idadi_ya_w, na ukiwa na idadi_ya_watoto katika jedwali hilohilo, nayo inakatwa mahali palepale, inapewa namba mkiani, na mwezi ujao hamjui ipi ni ipi. GeoPackage ni faili moja, inabeba matabaka mengi na CRS zake, na majina hayakatwi. Sioni kisingizio kilichobaki.

Nataka kupakua vigae (vipande vya picha za ramani) vya OpenStreetMap vya nchi nzima nivitumie bila intaneti. Seva imenizuia.

Imefanya vizuri. Data ya OpenStreetMap ni huria, lakini seva za vigae zinaendeshwa kwa michango, na masharti yake yanakataza upakuaji wa jumla. Chukua data yenyewe kutoka Geofabrik, faili ya .osm.pbf ya nchi yako, uichore mwenyewe kwenye QGIS. Ukichapisha, wataje wachangiaji wa OpenStreetMap. Leseni inadai hivyo, na ni adabu.

Kifaa changu cha GPS kinakataliwa: /dev/ttyUSB0, huna ruhusa. Nifungue QGIS kwa sudo?

Usithubutu. Faili utakazohifadhi zitakuwa mali ya root, msimamizi mkuu wa mfumo, na kesho utaniandikia tena. Jiongeze kwenye kundi la watumiaji linaloitwa dialout (Arch wanaliita uucp), toka kwenye akaunti yako, ingia upya.

Nimepima eneo la shamba mara mbili ndani ya QGIS, nikapata majibu mawili tofauti. Lipi la kweli?

Tumerudi kulekule kwa visima. Katika kikokotozi cha safu (field calculator), $area hufuata umbo la dunia kama ulivyoliweka kwenye mradi, ilhali area($geometry) inapima juu ya karatasi bapa ya CRS ya tabaka. Kama CRS hiyo ni EPSG:3857, eneo linavimba kadiri unavyoiacha ikweta. Kwenye latitudo 60 linakuwa mara nne. Kama ni 4326, umepewa digrii za mraba, ambazo hakuna anayezilima. Tumia $area, au lihamishie tabaka kwenye kanda yako ya UTM, mfumo wa majiranukta unaotumia mita, upime tena.

Na kama shamba lina mgogoro wa mpaka, majibu yote mawili yaache. Simu uliyozunguka nayo inakosea mita tano hivi hata chini ya anga wazi, na chini ya miti ni zaidi. Mwite mpimaji mwenye leseni.