Jibu: Kibali cha kujaza ardhioevu Marekani bado kinahitaji cheti cha jimbo

Ndugu, umeuliza kama kibali cha Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, chombo cha serikali ya shirikisho, kinatosha kujaza ardhioevu, au jimbo nalo lazima likupe cheti. Cheti ni lazima. Kifungu cha 401 cha Sheria ya Maji Safi ya 1972 kinazuia kibali cha shirikisho kwa mradi unaoweza kumwaga kitu majini mpaka jimbo lithibitishe ubora wa maji, au liachie haki yake. Likikataa, kibali hakitoki.

Anza kwa kuomba kikao cha awali na jimbo, angalau siku 30 kabla ya kupeleka ombi lenyewe la cheti, isipokuwa jimbo likufupishie. Ukiruka hatua hii, usishangae faili likirudishwa. Kisha ambatisha nakala ya ombi ulilopeleka shirikisho pamoja na nyaraka za ubora wa maji ulizo nazo. Kwa kanuni ya 2023 ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, jimbo na Kikosi wasipokubaliana muda wa jimbo kuamua, ni miezi 6. Ukomo ni mwaka 1. Muda ukiisha bila uamuzi, jimbo limepoteza nafasi, na kibali kinaweza kutoka bila cheti chake.

Ule ujanja wa kukubaliana na jimbo uondoe ombi na kulirudisha kila mwaka, ili muda uanze upya, achana nao. Mahakama ya rufaa ya Washington, D.C. iliukataa 2019 katika kesi ya kabila la Hoopa Valley.

Masharti ya cheti yasome neno kwa neno, maana yanakuwa sehemu ya kibali cha shirikisho. Na kama unatumia kibali cha jumla cha kitaifa, yaani kile kinachotolewa mara moja kwa kazi za aina moja nchi nzima, angalia kwanza: huenda jimbo lilishakithibitisha, kwa masharti yake.