Mshahara haugawanywi kwa idadi ya watoto

SWALI: Habari za kazi, wakili. Mimi ni dereva, naishi Mbagala, mshahara unaoingia benki ni shilingi 950,000. Nina watoto watatu, kila mmoja na mama yake. Wa miaka minne naishi naye na mke wangu wa ndoa, ambaye hana kazi. Wa miaka 11 yuko Morogoro, mama yake anauza mitumba. Wa miezi minane yuko Kahama kwa mama yake ambaye ni muuguzi, na huyo ndiye aliyenishtaki Ustawi wa Jamii akidai matunzo ya mtoto. Jamaa mmoja anayeshinda nje ya mahakama ameniambia sheria inachukua asilimia 30 ya mshahara na kuigawa sawa kwa watoto wote, yaani 95,000 kila mmoja. Mke wangu anasema wa ndoa atangulie. Huyo jamaa amenishauri pia nichukue mkopo ili mshahara uonekane mdogo. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu, hiyo 95,000 ifute kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, haitaji asilimia 30 wala asilimia yoyote. Karibu kila baba mwenye watoto kwa mama tofauti anayekuja ofisini kwangu anakuja na asilimia yake mkononi, na kila mmoja kauziwa tofauti: huyu 30, yule theluthi, mwingine "kumi kwa kila kichwa". Wanaoziuza namba hizo hawajawahi kukifungua kifungu cha 44 cha sheria hiyo, kinachosema mahakama ipime nini inapopanga matunzo, na wanalipwa kwa kutokukijua.

Zamani kiwango kilikuwapo. Sheria ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, na namba hiyo ikabaki kwenye vitabu hadi siku ambazo shilingi 100 hainunui hata andazi la maana. Sheria ya 2009 iliifuta ile ya zamani na haikuweka namba nyingine mahali pake. Iliweka mambo ya kupimwa: kipato na mali za wazazi wote wawili, kama uwezo wa mlipaji kujipatia kipato umepungua, majukumu aliyonayo kwa watoto wengine, gharama za maisha za eneo anakoishi mtoto, na haki za mtoto mwenyewe.

Soma tena: wazazi wote wawili, na eneo anakoishi mtoto. Hapo ndipo mgawanyo sawa unapovunjika.

Tuchukue mfano, na namba zako halisi uziweke mwenyewe. Tuseme mtoto wa Morogoro anahitaji 180,000 kwa mwezi: chakula, sehemu yake ya kodi ya nyumba, sare na daftari, nauli, dawa. Ada ya shule ya msingi ya serikali haipo, lakini mtoto haendi darasani peku na hasomi kwa njaa. Mama yake anapata kama 200,000 kwa mwezi. Vipato vyenu vikijumlishwa ni 1,150,000, na wewe unabeba asilimia 83 hivi, kwa hiyo sehemu yako ni karibu 149,000. Wa Kahama tuseme anahitaji 190,000, pamoja na mchango wa mshahara wa dada wa kazi anayekaa naye mama akiwa zamu. Muuguzi yule akiwa anapokea 650,000, sehemu yako inashuka hadi asilimia 59, yaani kama 113,000.

Jumla ya hao wawili ni 262,000; kwa hesabu ya jamaa yako wangepata 190,000. Mgawanyo wake ungempunja mtoto wa Morogoro shilingi 54,000 kila mwezi, yeye ambaye mama yake ana kipato kidogo kuliko yule muuguzi. Zinabaki 688,000 za kodi yako, chakula, mke wako ambaye naye unawajibika kumtunza, na mtoto wa nyumbani. Hakimu hafungwi na uwiano huu. Mimi huutumia kwa sababu unamwonyesha kila mama namba ilikotoka, na mzazi mwenzio akiona ilikotoka, mara nyingi mnaelewana hapohapo Ustawi bila kufika mahakamani.

Kuhusu wa ndoa kutangulia, hapana. Sheria hiyohiyo inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Gharama za wa nyumbani nazo ziandike kama za wenzake, maana wababa wengi husahau kabisa kumtaja mtoto wanayelala naye nyumba moja, halafu wanalalamika hakimu hakumwona. Hakimu anaona kilicho mbele yake. Nenda na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote watatu na ushahidi wa fedha unazotuma Morogoro. Na usije ukampunguzia wa Morogoro kwa sababu tu mama yake hajakushtaki. Kimya chake hakijakuondolea wajibu.

Sasa huyo mtu wa nje ya mahakama. Hao ndio tunaowaita vishoka. Hawana leseni, wanaandika nyaraka steshenari, na shauri likiharibika hawapatikani kwenye simu. Ushauri wa mkopo ni wa kukuangamiza. Kifungu kinasema kipato na mali, kwa hiyo kiwanja, bodaboda uliyompa kijana na nyumba unayopangisha vyote vinaulizwa. Mkopo uliochukuliwa wiki moja baada ya kuitwa Ustawi unaonekana ulivyo, na ukishaonekana muongo katika hilo, hata la kweli utakalosema halitasikika. Riba ya benki nayo utailipa wewe, kwa fedha ambayo ingenunua maziwa.

Kibaya zaidi ni ile karatasi wanayoiita ya kumalizana. Baba anatoa milioni moja, mama anaweka dole gumba, imeandikwa kwamba hatadai tena kitu. Nimeona kina mama wakisaini wakiwa na njaa, na kina baba wakiihifadhi kama hati ya kiwanja. Matunzo ni haki ya mtoto, mama hana mamlaka ya kuyauza. Karatasi hiyo haimzuii hakimu kutoa amri ya matunzo mwaka unaofuata, na milioni yako haitakurudia. Wapo pia wanaowaambia wanaume wasitishe matumizi hadi waruhusiwe kumwona mtoto. Kumwona mtoto kuna maombi yake mahakamani, tena yaombe ukinyimwa. Mtoto haachwi bila chakula ili mama yake alegee.

Kama huna fedha ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na huduma yao ni bure. Afisa Ustawi wa halmashauri yako atakuelekeza kwao. Mtu akikudai fedha ya "fomu" barabarani, mwache.

Tuma fedha kwa simu au benki kila mwezi kwa jina la mama mhusika, na utunze taarifa za miamala, kwa sababu fedha ya mkononi bila maandishi ni rahisi kukanwa. Amri ikishatolewa na hali ikabadilika, kazi ikakatika au mtoto akaanza sekondari, rudi mahakamani uombe ibadilishwe. Usijipunguzie mwenyewe kimyakimya, maana deni linajikusanya kwa kiwango cha zamani hadi siku hakimu atakapokibadilisha.